Mume ataka tuhamie Malindi, na nyumba ya Amu ni yangu

Assalamu alaikum, Bi Mshauri,

Mimi ni mwanamke wa miaka 36, mzaliwa wa Amu (Lamu), mtaa wa Mkomani. Nina watoto wawili: binti wa miaka 14 aliye Gredi ya 9, na mvulana wa miaka 7. Nakuandikia usiku, watoto wamelala, maana mchana hapa kwetu hupati pahali pa kuwaza bila mtu kukuuliza unawaza nini.

Mume wangu ni fundi wa mbao. Huchonga milango, vitanda na makasha. Kazi Amu iko, lakini mafundi ni wengi na wateja ni walewale. Mtu akilipa nusu, nusu ya pili utaifuata mpaka viatu viishe. Mwaka jana mwezi wa saba aliitwa Malindi kuchonga milango 6 ya nyumba ya Mtaliano. Milango ikaisha, ikaja kazi ya vitanda, kisha viti vya hoteli. Sasa ni miezi 8, na nyumbani huja kama mgeni: kila wiki 5 au 6, alale siku 3, aondoke. Amekodi nyumba ya vyumba viwili huko Malindi, mtaa wa Barani, kwa 13,000 kwa mwezi. Anataka tumfuate, muhula wa pili ukifunguliwa watoto waanze shule huko.

Sababu zake nazijua na sizikatai. Binti yetu anapenda sayansi, na babake asema Malindi shule ni nyingi zaidi. Mwaka juzi mvulana alibanwa na pumu saa 8 za usiku. Tukambeba hadi hospitali, tukaambiwa apelekwe mbele, tukakaa gatini tukingoja boti mpaka alfajiri. Mume wangu hajausahau usiku ule. Kila tukizungumza huurejesha: "Malindi unapiga simu, tuktuk inakuja mlangoni."

Lakini kuna nyumba, Bi Mshauri. Hii tunayokaa ni yangu. Babangu, Mungu amrehemu, alinipa ghorofa ya juu nilipoolewa 2010, kama ilivyo ada yetu, na mume ndiye aliyenifuata mimi. Mamangu anakaa chini. Ni nyumba ya mawe ya zamani, ina zidaka (vishubaka) ukutani, na mlango wa chumba changu aliuchonga mume wangu mwenyewe. Ila imechoka. Masika yaliyopita boriti 2 za chumba cha kulala zilipasuka, chokaa ikawa yaanguka vipande, vingine vikubwa kama sahani. Tumesimamisha nguzo katikati ya chumba, kitanda tumekisogeza pembeni. Fundi alikadiria 380,000.

Hapo ndipo akatokea Mzungu mmoja aliyenunua nyumba ya jirani. Anataka kuikodi ghorofa yangu kwa miaka 25, dari na paa atengeneze yeye, na kodi atoe yote kwa mkupuo mmoja. Mume wangu aona ni rehema: nyumba itasimama, nasi tutapata mtaji wa karakana. Mimi nikisikia miaka 25 nahesabu vidole. Nitakuwa na miaka 61.

Nikamwambia mamangu. Hakulia, hakukasirika. Alikuwa akichagua mchele na hakuinua kichwa. Akasema, "Mimi sitoki. Wewe, ndia (njia) ni yako." Mpaka leo maneno hayo yananichoma. Ana miaka 73 na goti moja halimpi raha. Ndugu yangu yuko Mombasa na mambo yake. Dadangu ameolewa Shela.

Mimi nashona kofia. Kofia moja ya vito, ya kushonwa kwa mkono, hunichukua miezi 2, naiuza 7,000, na siku za Maulidi hata zaidi. Si pesa za kutajika lakini ni zangu. Nashona na wenzangu 4 kila alasiri, ukumbini kwa mmoja wao. Malindi nitashona na nani?

Disemba tulikwenda siku 12. Sitasema uongo, nilipafurahia. Mume wangu alikuwa ametengeneza rafu ya mbao yenye vishubaka kama zidaka zetu. Alinifunga macho kwa leso yangu mwenyewe, akanisimamisha mbele yake, ndipo akanifungua. Lakini siku ya pili mwanangu nusura agongwe. Mtoto wa Amu amezoea kutembea katikati ya njia. Amezoea punda kumpisha. Tuktuk ikafunga breki hapa na yeye yuko hapa. Babake alimshika mkono siku zote zilizobaki, hata kwenda msalani.

Jambo la mwisho: wanawake mtaani wanasema mwanamume haachwi Malindi peke yake miezi 8. Mimi sijaona kitu. Nimeliandika tu.

Hesabu yangu imefika hapa na haiendi mbele: nikienda nimemtupa mama, nikibaki nimemtupa mume. Nishauri.

Mwenye Nyumba, Mkomani

*

Wa alaikum salaam, mwanangu.

Barua yako nimeisoma, nikaiweka, nikairudia. Unaniambia mambo ni mawili, mama au mume. Mimi naona mambo matano au sita yaliyofungwa kamba moja, na ndiyo maana mzigo haubebeki. Kuna wewe na mumeo kulala miji miwili. Kuna shule. Kuna kifua cha mtoto. Kuna mama na goti lake. Kuna boriti 2, na kuna mkataba wa miaka 25. Mumeo ameyaunga pamoja kwa sababu kwake yanashikana: Mzungu atengeneza paa, pesa zake zajenga karakana, karakana yalipa kodi ya Barani. Ni hesabu ya fundi hasa, kila ulimi na tundu lake. Ila kilichochongwa hapo ni nyumba yako, na sijaona katika barua mahali ulipoulizwa kama yafaa kuchongwa.

Kwa hiyo niwie radhi, nitaifungua kamba. Naanza na mkataba, kwa kuwa mengine yote mtu anaweza kugeuka akarudi, lakini hilo likishatiwa saini halirudi.

Unasema jirani yako "amenunua". Katiba ya 2010, kifungu cha 65, inasema asiye raia hashiki ardhi ila kwa kukodi, na kwa muda usiozidi miaka 99. Basi pengine hata yeye amekodi tu, na maneno "nimenunua" hutoka mdomoni kirahisi. Mji wa kale wa Amu umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, na nyumba kama yako haibomolewi ukuta wala kubadilishwa paa bila watu wa Makumbusho ya Taifa kuhusishwa. Atakayetengeneza anajua hayo? Akitengeneza vibaya, nani atabeba lawama? Na mamako atakaa chini, juu yake wakitembea watu asiowajua, kwa miaka 25. Hilo hukuliandika, lakini nadhani ndilo linalokukosesha usingizi.

Kuna swali jingine, gumu kidogo. Babako alikupa ghorofa ile kwa maandishi, au kwa maneno mbele ya watu? Hiba ya mdomo huheshimiwa sana maadamu wote walioisikia wako hai na wanapatana. Ndugu yako wa Mombasa ana mambo yake leo. Siku atakaposikia pesa za mkupuo, huenda akakumbuka kuwa naye ni mrithi. Sisemi ni mtu mbaya. Nasema kabla ya kumsikiliza mgeni yeyote, hilo liwekwe sawa kwa kadhi, hapo hapo Amu, dadako na ndugu yako wakiwapo. Na wakili awe wako, si wa anayekodi.

Yako makubaliano madogo kuliko hayo. Wako wanaokodisha miaka 3 au 5 kwa matengenezo yaliyoandikwa moja moja. Wako wanaokodisha chumba msimu wa wageni tu. Upungufu wake ni kwamba pesa huja kidogo kidogo, na boriti hazingoji. Wa miaka 5 hatakutengenezea kazi ya 380,000 kama wa miaka 25. Kwa hiyo hapo kuna kupoteza kotekote, na ni wewe, si mumeo wala mimi, unayejua ni hasara gani utaweza kulala nayo.

Sasa shule, ambayo naona imebebeshwa uzito usio wake. Bintiyo yuko Gredi ya 9. Mwisho wa mwaka huu ana mtihani wa taifa, na shule aliyosajiliwa ndiyo atakayofanyia. Kumng'oa muhula wa pili, katikati ya mwaka kama huo, kuna hatari yake hata kama huko aendako ni kuzuri. Kisha Gredi ya 10 hupangwa na wizara, kwa matokeo na kwa shule alizochagua mtoto, na baadhi ni za bweni. Anaweza kukaa Amu akapangiwa Malindi. Anaweza kukaa Malindi akapangiwa bweni mbali na wote wawili. Kama mnahama kwa ajili ya shule yake tu, huenda mkafika yeye akiwa amekwisha ondoka. Mvulana ndiye shule ya Malindi itamgusa hasa. Naye ni wa miaka 7. Watoto wa umri huo huzoea upesi, ingawa wiki za kwanza atachekwa kwa kusema "ndoo" na "mato" badala ya "njoo" na "macho". Mfundisheni barabara kabla ya yote.

Usiku wa pumu sitaujibu kwa hoja. Mumeo yuko sahihi kuukumbuka. Aliyewahi kukaa gatini na mtoto anayetafuta pumzi hazungumzi tena habari za uzuri wa kisiwa. Nakuuliza tu mlichofanya tangu siku ile. Mtoto ana dawa ya kuvuta, na kila aliye nyumbani anajua kuitumia? Kuna mwenye boti anayepokea simu usiku? Hayo myafanye hata kama mtahama mwezi ujao. Vumbi na moshi wa barabarani vinaweza kumsumbua pia, kwa hivyo muulizeni daktari wake kuhusu hilo, isiwe tuktuk ndiyo imekuwa dawa.

Malindi umeiona Disemba. Mwanangu, Disemba Malindi ni bibi harusi! Wataliano wamejaa, hoteli zimewaka, kila fundi ana oda. Mimi nilihamia huko zamani nikitoka Mombasa, na mtoto mgongoni, tukafika mwezi wa Disemba vilevile. Aprili ikanifundisha. Masika huingia, wageni hupungua, hoteli nyingine hufunga mpaka Juni au Julai, mto Sabaki hujaa na bahari ikageuka rangi ya chai ya maziwa. Anayeishi kwa kazi za wageni huishi miezi ile kwa alichoweka. Mumeo alianza mwezi wa saba, msimu ukipanda. Masika ya Malindi hajayaona bado. Muulize kwa upole: Mei na Juni kodi ya 13,000 itatoka wapi, na chakula cha watu wanne, na nauli za kila siku, mambo ambayo Amu hulipii kwa kuwa nyumba ni yako na miguu ni yako? Huenda ana jibu. Pengine ana oda za wenyeji, za misikiti, za watu wanaojenga. Kama analo, nawe ulisikie.

Na hapa nataka tukae kidogo.

Kwa dini yetu makazi ya mke ni juu ya mume. Kwa ada ya Amu baba humpa bintiye nyumba, na mkwe huingia. Miaka 16 nyinyi mmeishi kwa ada. Sijui mumeo aliionaje. Wengine huwa raha yao, wengine humeza. Kila siku amepita mlangoni kwa mama mkwe kwenda kulala kwenye nyumba aliyoachiwa mkewe. Leo, kwa mara ya kwanza, ana mlango ambao kufuli yake kanunua yeye, na jambo la kwanza alilofanya ndani yake ni kukuchongea zidaka. Huenda nakosea, lakini mimi siisomi kama kazi ya mtu anayetaka kukutoa Amu. Ameihamisha Amu kwa kadiri ya mbao alizokuwa nazo.

Nawe upande wako, Amu wewe ni mwenye nyumba. Umejitia sahihi hivyo hivyo, bila kufikiri. Barani utakuwa mke wa mpangaji. Hilo si jambo dogo na si kiburi. Mkigombana Amu, anayechukua mkoba ni yeye. Malindi atakayechukua mkoba ni wewe, na mkoba wenyewe utasafiri zaidi ya kilomita 200. Nadhani nyote wawili mnalijua hili na hakuna aliyelitamka. Mkilitamka, mazungumzo yatakuwa magumu zaidi kwa siku kadhaa. Lakini yatakuwa yenu wenyewe, badala ya kupitia kwa Mzungu na shule.

Umbali wenyewe, kwa siku za kawaida, si wa kutisha: unatoka Malindi asubuhi, unapita Garsen na Witu, mchana uko Mokowe, boti, umefika. Lakini si siku zote ni za kawaida. Mvua za mwisho wa 2023 maji yalikata barabara upande wa Gamba, na Amu ikawa haifikiki kwa basi. Yako na mambo ya usalama, na misafara ya kusindikizwa. Mama wa miaka 73 akiugua wiki kama hiyo, unaweza kuwa na nauli mkononi na usifike. Sikwambii hili kukutisha, ila ndiyo bei yenyewe, na watu wengi huigundua wamekwisha hama.

Kuhusu mama, "Mimi sitoki. Wewe, ndia ni yako." Wewe ulisikia lawama. Mimi sikuwapo, sikuona uso. Lakini yasome tena polepole. Je, haiwezekani kuwa amekupa ruhusa, na hakuinua kichwa kwa sababu ruhusa yenyewe ilimgharimu? Na dadako wa Shela umempa maneno matatu tu, "dadangu ameolewa Shela", kana kwamba kuolewa Shela ni kuolewa Ulaya. Si ni mwendo wa miguu kwa kufuata pwani? Umewahi kumwuliza angeweza nini, au umemwamulia kuwa hawezi?

Kofia hazinipi hofu kwa upande wa sindano, kwa kuwa inasafiri, na Maulidi utarudi nazo kuziuza. Kinachobaki Amu ni wale wenzako 4. Malindi kuna Waamu na Wabajuni wengi, wengine familia zao zilishuka wakati wa vita vya shifta miaka ya 1960, na hutakosa mlango wa kubisha. Ila ukumbi wa alasiri huchukua miaka kuwa ukumbi. Mwaka wa kwanza utashona peke yako siku nyingi, na pikipiki zitakuwa zikipita.

Yale ya mtaani, uliyoyaandika kama mtu anayeacha kitu mezani na kutoka, yaulize kwa mwenyewe, kwa mdomo wako, bila kusingizia jirani. Kuhama ili kumlinda mume ni kazi ya askari, na askari hulala wapi? Akiwa hana jambo, atajua kwa nini umekuwa baridi. Akiwa nalo, bora ulijue ukiwa kwako.

Njia ziko kadhaa. Unaweza kumaliza mwaka huu Amu, binti afanye mtihani wake, mumeo aone masika yake ya kwanza, mkahesabu tena Januari. Ubaya wake ni miezi 10 zaidi ya ndoa ya wiki 6, na ndoa huchakaa kwa hivyo. Unaweza kwenda na mvulana, binti akabaki na bibi yake mpaka mtihani, mama akapata mwenzake. Lakini huo ni mzigo kwa msichana wa miaka 14, na lazima aulizwe, asipangiwe. Mnaweza kwenda wote na ghorofa ikafungwa, funguo kwa mama, bila mkataba wowote. Hapo boriti zitawasubiri nyinyi. Au nendeni likizo hii ya Aprili, wiki zote 3, bila kuhamisha hata sufuria, mkae kama watu wa pale: mpike, mwoshe, mvulana avushwe barabara kila siku, wewe ushone, uone mumeo analeta nini jioni wakati hakuna wageni. Hata hiyo ina hatari yake. Mume anaweza kuiona kama ahadi, na mama akaiona kama mwanzo wa kuondoka. Wape wote wawili tarehe ya kurudi kabla hujapanda boti.

Kabla ya yote hayo, hebu shuka kwa mama siku moja, uchukue sinia mchague mchele pamoja, umwulize yeye akiwa na miaka 36 alitaka kwenda wapi.

Na ile nguzo katikati ya chumba, mwanangu, mtafute fundi aitazame wiki hii. Masika yanakuja, na watoto wasilale chumba hicho tena.